Mizinga ya viunza yenye uso wa rangi kutoka kwa fundi wa Singida: tathmini yangu baada ya msimu mzima

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asipoteze muda: hii mizinga ni mizuri, inunuliwe, hasa kama una mizinga mingi sehemu moja na unashangaa kwa nini mmoja umejaa nyuki mpaka wananing'inia mlangoni na wa jirani yake uko nusu tupu wakati yote iliingiwa na makundi msimu uleule. Bei iko juu, bawaba za mlango haziridhishi na nitazisema huko chini, ila kuna kitu kimoja mafundi wengi hawakifikirii kabisa, yaani nyuki akitoka asubuhi atarudije na atajuaje kwamba huu ndo mlango wa kwao, na kwenye hilo huyu fundi mzee amewaza kuliko mtu yeyote niliyewahi kununua mzinga kwake.

Manzuki yetu, yaani eneo letu la mizinga, iko upande wa Itigi, tuko kikundi cha akina mama. Mizinga yetu ya kwanza tulinunua kwenye duka moja ambalo silitaji, yote nyeupe, yote kipimo kimoja, ikapangwa mstari mnyoofu kwenye stendi na milango yote inaangalia upande mmoja. Kwenye picha inapendeza sana na wafadhili wanapenda picha za namna hiyo. Kwa nyuki ni balaa. Nyuki anarudi kachoka, kabeba chavua, upepo unamsukuma, anakuta milango inayofanana kama madirisha ya gereza, anaingia wa jirani. Na walinzi wa mlangoni wakimkuta kabeba mzigo mara nyingi wanamruhusu apite, kwa hiyo harudi tena kwao, anahamia hukohuko. Ukiwa na mstari mrefu utaona mizinga ya mwisho kule pembeni inanenepa na ya katikati inakonda, kwa sababu ya pembeni ni rahisi kuitambua, ina upande mmoja usio na jirani. Watu wanadhani ni malkia mbovu, wanahangaika kuunganisha makundi, kumbe nyuki wamepotea nyumba tu. Na wakipotea hawaendi mikono mitupu, wanabeba magonjwa na utitiri wa varoa, vidudu vinavyomnyonya nyuki, kutoka mzinga huu mpaka ule.

Sasa bidhaa yenyewe. Ni mzinga wa viunza wa kawaida tuliouzoea Tanzania, sanduku refu lenye mbavu za mshazari, viunza juu (vile vipande vya mbao ambavyo nyuki wananing'iniza masega), bati la kufunika, mbao za paini zilizokaushwa vizuri, mvua za mwaka huu zote zimepita na sijaona ubao uliopinda. Tofauti iko mbele. Ubao wa mlango umepakwa rangi ya mafuta na kuchorwa umbo moja kubwa, mmoja ni bluu wenye msalaba mweupe, mwingine njano wenye mistari ya wima myeusi kabisa, mwingine mweupe una duara la bluu, mwingine nusu bluu nusu njano, ukiagiza mizinga kumi hupati miwili inayofanana. Na oda ikiwa tayari anakupa na karatasi kakuchorea mpangilio, bluu usikae na bluu, mstari usikae na mstari, na milango mingine igeuzwe kidogo isiangalie upande mmoja. Mstari mnyoofu hautaki kabisa, anataka mizinga ikae kwa nusu duara au kwa vikundi vya miwili mitatu, kila kikundi na kichaka chake au jiwe lake karibu. Nilipomuuliza kwa nini asiandike namba kubwa tu akaniambia, "Binti yangu, namba ni yako wewe. Nyuki anasoma uso."

Na yuko sahihi, hii si imani ya kijijini. Karl von Frisch, mwanasayansi wa Austria aliyekuja kupata Nobel mwaka 1973, alionyesha tangu 1914 kwamba nyuki anaona rangi, wakati huo wasomi wakubwa walikuwa wanabisha. Nyuki anaona bluu, kijani, njano, na anaona mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni kabisa. Nyekundu haioni kama rangi, kwake ni kitu cheusi tu. Kwa hiyo ukipaka mzinga mmoja nyekundu na wa jirani yake nyeusi wewe unaona tofauti, yeye haoni. Tena jicho lake si kali, kila jicho kubwa lina vijicho vidogo kama 5,000 na picha anayopata ni ya mawimbimawimbi, haoni maandishi wala kimchoro kidogo cha ua ulichomchorea kwa upendo. Anaona umbo kubwa, mistari ya wima dhidi ya mistari ya kulala, pembe, madoa makubwa yenye rangi zinazopishana sana. Ndo maana michoro ya huyu mzee ni mikubwa na ya kijinga ukiangalia kwa jicho la binadamu, haijatengenezwa kwa ajili yako.

Kuna jaribio moja la zamani nalipenda sana na linaeleza kwa nini ile karatasi ya mpangilio ina thamani kuliko hata rangi. Niko Tinbergen, Mholanzi, alikuwa anaangalia nyigu wanaochimba vishimo mchangani kule Hulshorst, nyigu wanaowinda nyuki wetu kwa kweli, anamkamata nyuki anampeleka shimoni kwa watoto. Kishimo chenyewe ni kitundu tu kwenye mchanga na vitundu viko vingi. Tinbergen akazungushia kitundu kimoja matunda makavu ya msonobari, nyigu akatoka, akazunguka juu akaangalia, akaenda kuwinda. Akiwa huko jamaa akaihamisha ile duara ya matunda pembeni kidogo tu. Nyigu akarudi na nyuki wake, akatua katikati ya duara, hakuna shimo, akaruka, akatua tena hapohapo, tena na tena, na shimo lake liko pale karibu wazi kabisa. Alichapisha hayo 1932. Maana yake yule mdudu hakuwa anatafuta shimo, alikuwa anatafuta mahali shimo lilipo kati ya vitu vingine, kile alichokikariri wakati anatoka.

Nyuki anafanya hivyohivyo na wewe mwenye mizinga umeona mara nyingi tu labda hukujua unaangalia nini. Mchana wa jua, baada ya saa sita hivi, nyuki wachanga wanatoka kundi zima wanaelea mbele ya mlango wamegeuza nyuso kuangalia mzinga, wanayumba kushoto kulia, nusu duara ndogo, halafu kubwa zaidi, halafu wanapanda juu. Watu wengine wanaogopa wanadhani kundi linahama au wanaibiana asali. Hapana, wanasoma nyumba. Kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, hatoki kwenda kutafuta mbochi, yale maji matamu ya maua, siku anayotoka kwenye sega, anakaa ndani kama wiki tatu anasafisha, analisha, anajenga, na kabla hajaanza kazi ya nje anatoka kwanza hizo safari fupi za kujifunza. Mwaka 2000 wanasayansi walichapisha kazi waliyowafunga nyuki viantena vidogo mgongoni na kuwafuatilia kwa rada, wakaona kwamba nyuki kadiri anavyozidi kutoka ndivyo anavyokwenda mbali zaidi na kasi zaidi, ila kila safari ya kujifunza inaelekea kipande kimoja tu cha eneo. Anasoma kitaa chake kwa vipande. Na hivyo vyote vinakaa kwenye ubongo wenye seli pungufu ya milioni moja. Mimi nikilifikiria hili huwa nanyamaza kabisa.

Kwa hiyo kitu cha pili kizuri kwenye huu mzinga ni kibaraza. Mbele ya mlango kuna ubao umetokeza upana wa kiganja, na fundi anasisitiza mbele yake pasafishwe, majani yakatwe, pasiwe na tawi linaloning'inia usoni, ili wale wachanga wapate nafasi ya kuelea na kuangalia. Mizinga ya lile duka haikuwa na kibaraza kabisa, kulikuwa na tundu tu.

Cha tatu ni waya, na hapa naomba mnisome taratibu maana wengi tunatundika. Mzinga ukitundikwa kwa waya mmoja katikati ya tawi, upepo unaugeuza. Asubuhi mlango unaangalia mashariki, jioni unaangalia kusini, nyuki anarudi pale anapojua mlango upo anakuta ubao mtupu, wanajazana mgongoni mwa mzinga wanatambaa wanatafuta, wengine jioni inawakuta nje na baridi ya kule kwetu usiku si mchezo. Huyu fundi ameweka pete nne za chuma, mbili mbele mbili nyuma, na anakupa waya zilizokatwa tayari, unafunga sehemu mbili kwenye tawi au kati ya miti miwili na mzinga hauzunguki. Kitu kidogo, gharama yake haifiki hata bei ya soda, na kwa makadirio yangu ndo kimeokoa nyuki wengi kuliko rangi zote. Nyegere anakufa njaa vilevile maana waya wa juu una bati la kumtelezesha, lakini hilo wengi wanalo siku hizi.

Sasa kuna jambo fundi hajalisema kwenye karatasi yake na mimi nadhani angeliongeza. Hizi alama zote za rangi na vichaka zinafanya kazi ya mwisho tu, zile mita za karibu na nyumbani. Huko mbali nyuki anatumia jua. Kwa kawaida anatafuta chakula ndani ya kilomita mbili tatu, lakini njaa ikibana anaweza kwenda hata kilomita 10, na huko mzinga hauonekani wala haunuki. Anajua jua lilikuwa upande gani wa safari yake, na kwa sababu jua linasogea anajirekebishia kwa saa iliyo mwilini mwake. Wingu likifunika jua lakini kipande cha anga ya bluu kikabaki, kinamtosha, kwa kuwa mwanga wa anga una mpangilio fulani ambao sisi hatuuoni ila kuna vijicho vya juu kwenye jicho lake vinausoma, na kutokana nao anajua jua liko wapi. Hilo pia von Frisch ndo aliligundua, mwaka 1949.

Na hapa kwetu karibu na ikweta kazi ni ngumu zaidi kuliko Ulaya. Kule jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Itigi mwezi wa sita jua la saa sita mchana liko kaskazini, mwezi wa kumi na mbili liko kusini, na mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba linapita juu ya utosi kabisa. Jua likiwa utosini halikuambii upande wowote. Kibarua wa msimu wa kazi anaishi wiki sita hivi, kwa hiyo kila kizazi lazima kijifunze jua la kipindi chake, cha mama zake hakimsaidii. Ushauri wangu mimi, na huu si wa fundi, ni kwamba vipindi hivyo viwili msifungue wala kusogeza mizinga saa za mchana wa utosi, fanyeni jioni. Na acheni alama ndefu zilizopo kwenye eneo, pindo la msitu, njia ya ng'ombe, mstari wa minyaa, nyuki anazifuata. Mkifyeka pindo lote kwa mpigo mnamfutia barabara.

Umbali nao anaupimaje, watu wananiuliza sana. Hapimi kwa kuchoka kama ilivyodhaniwa zamani. Anapima kwa jinsi ardhi na vitu vinavyompita machoni. Srinivasan na wenzake mwaka 2000 waliwapitisha nyuki kwenye bomba jembamba la mita chache lenye kuta za madoadoa, vitu vikawa vinapita haraka machoni kwa sababu ya ukaribu, nyuki wakarudi mzingani wakacheza ngoma ya kuwaambia wenzao chakula kiko mbali, zaidi ya mita mia moja. Hawakudanganya, ndivyo macho yao yalivyohesabu.

Niende kwenye huduma ya kuhamisha, maana huyu mzee haishii kwenye kuuza mbao. Ukilipia anakuja na kijana wake na kirikuu, mnahamisha makundi kutoka mizinga ya zamani au kutoka shamba moja kwenda lingine. Hii nimeitumia na ndiyo iliyonifanya niandike yote haya.

Sheria ya wafugaji mnaijua, sogeza mzinga chini ya mita moja au zaidi ya kilomita 5, katikati ya hapo usiguse. Sababu yake haielezwi vizuri na watu wanaivunja. Nyuki hajui sanduku, anajua mahali. Ukiupeleka mzinga mita mia mbili, asubuhi anatoka, anakwenda kwenye maua yaleyale, na akirudi hesabu zake zinamfikisha pale mzinga ulipokuwa jana. Utakuta jioni kishada cha nyuki kimening'inia kwenye tawi tupu. Ukiupeleka mbali kabisa ambako haoni kitu anachokifahamu, anajua yuko ugenini, anaanza upya zile safari za kusoma.

Kuna ushahidi mzuri sana wa hiki kitu kutoka kwa mdudu mwingine, sisimizi wa jangwani Tunisia, Cataglyphis wanaitwa. Rüdiger Wehner wa Zurich amewasoma miaka na miaka. Huko mchanga ni moto na umekauka, huyu sisimizi anatoka anazungukazunguka anatafuta mdudu aliyekufa kwa joto, akimpata anageuka anarudi moja kwa moja shimoni kwa mstari mnyoofu, wakati njia ya kuja ilikuwa ya mikunjo. Ukimnyanyua ukamweka sehemu nyingine anatembea mstari uleule, umbali uleule, halafu anaanza kutafuta shimo mahali ambapo halipo. Mwaka 2006 Wehner na wenzake Wittlinger na Wolf walichapisha jaribio la kuwaongezea miguu, waliwabandika singa za nguruwe miguuni wakawa warefu, hao wakiwa tayari wameshafika kwenye chakula mita 10 kutoka shimoni. Wakarudi wakapitiliza, wakaanza kutafuta kwenye mita kama 15. Wengine wakapunguzwa miguu, wakaishia njiani. Idadi ya hatua ilikuwa ileile, urefu wa hatua ndo ulibadilika. Na walipoachwa watoke shimoni na miguu yao hiyohiyo mirefu wakarudi vizuri bila shida. Ukishasikia hilo huwezi tena kusogeza mzinga hovyo, kwa sababu unaelewa kwamba yule mdudu amebeba hesabu kichwani na wewe umembadilishia jibu.

Kijana wa fundi alifanya kazi hivi. Alikuja magharibi, akasubiri mpaka wa mwisho wameingia, hakuharakisha hata giza lilipoingia. Bomu la moshi, kile kifaa cha kupulizia moshi nyuki watulie, alitumia kidogo tu, si kwa kuwakosesha pumzi. Akafunga geti la mlango ambalo lina wavu wa waya kwa hiyo hewa inapita, akaufunga mzinga kwa kamba za mpira, kirikuu ikaenda taratibu. Kule kupya akauweka, akasubiri watulie, na kabla ya kufungua geti akasimamisha matawi yenye majani mbele ya mlango, mazito kiasi kwamba nyuki hawezi kutoka kwa kasi. Hicho ndo kilinifurahisha. Asubuhi nyuki akitoka anagonga majani, anashtuka, anapunguza mwendo, anageuka kuangalia ametoka wapi, anaanza kusoma uso upya. Nilikaa kwa mbali na vazi langu nikawaona wanageuka mmoja baada ya mwingine kuangalia ile bluu na msalaba. Matawi yanaondolewa siku chache baadaye. Nyuki wetu hawa ni wakali na wanahama kwa sababu ndogo, kundi likisumbuliwa vibaya linakuachia sanduku tupu, na mpaka leo yale tuliyohamisha yako palepale.

Kwenye kila mzinga mpya anakuwekea nta ya zamani imepakwa kwenye viunza na kifungu cha mchaichai uliopondwa kisuguliwe mlangoni. Mchaichai si ushirikina. Nyuki akifika nyumbani au sehemu anayotaka wenzake waje, anasimama mlangoni anainua tumbo juu anapepea mbawa, na kuna tezi karibu na ncha ya tumbo inatoa harufu ya kuita. Ndani ya harufu hiyo kuna sitrali na jeranioli, na sitrali ndiyo hiyohiyo inayofanya mchaichai unukie. Kundi likiwa na wageni wengi waliochanganyikiwa utawaona hao wapiga pepeo wamejipanga mlangoni wanaita. Kwa hiyo msisugue kibaraza kwa sabuni mkidhani ni usafi, mnafuta harufu ya kwao.

Kasoro sasa. Bawaba za geti ni za chuma cha bei rahisi, zimeanza kutu na moja imekwama, ukilazimisha unatikisa mzinga mzima na nyuki wa Itigi hawapendi utani huo. Nimemwambia abadilishe aweke geti la kutelezesha, kasema atafanya. Bati la juu halina kitu chini yake, jua la mchana linachoma, masega yaliyo karibu yanalegea, ilibidi tuweke majani makavu juu yake, kwa bei hii angeweka ubao au gunia mwenyewe. Bei ni laki kasoro kidogo kwa mzinga, bila usafiri, na mizinga ya viunza ya kawaida unaipata chini ya hapo. Anauza pia uso mwekundu kwa sababu wateja wanaupenda, nilimuuliza akacheka akasema mteja ndo anasisitiza. Mzee, kataa tu. Au wachoree umbo jeupe kubwa katikati, hapo angalau nyuki ataona nyeupe juu ya cheusi. Na usitegemee haraka, anafanya na kijana wake tu, simu anapokea jioni.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna mzinga utakaokisaidia, na nimekasirika nacho mwaka huu wote. Sumu. Kuna mashamba ya alizeti na pamba huku kanda ya kati na watu wanapulizia mchana maua yakiwa wazi. Wengi wanajua nyuki aliyepuliziwa anakufa hapohapo. Wasichojua ni kwamba kuna sumu ambazo haziui, zinampotezea njia. Mwaka 2012 Mickaël Henry na wenzake Ufaransa waliwabandika nyuki vichipu mgongoni, wengine wakapewa dozi ndogo ya thayametoksamu, kiasi ambacho nyuki angeweza kukipata shambani, halafu wakaachiwa mbali na mzinga. Waliopewa walishindwa kurudi kwa wingi zaidi kuliko ambao hawakupewa. Hawakufa mbele ya macho ya mtu, hawakurudi tu. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ukapiga marufuku sumu hiyo na mbili za ukoo wake, imidaklopridi na klothianidini, zisitumike mashambani nje. Soma kibandiko cha dawa kabla hujanunua, hayo majina yatafute. Ukiwa jirani wa mfuga nyuki na lazima upulizie, pulizia magharibi wakiwa wameingia, na mpigie simu mapema ili kesho yake asubuhi achelewe kufungua mageti. Mimi jirani zangu wawili wamekubali na nawashukuru sana, wa tatu bado naongea naye, nampelekea asali.

Nani anunue? Mwenye mzinga mmoja au miwili mbalimbali porini, hapana, hela yako iweke kwenye mavazi na bomu zuri la moshi, mti wenyewe unatosha kuwa alama. Mwenye mizinga ya magogo iliyotundikwa kila mmoja mti wake, vivyo hivyo, wazee wetu walipotawanya mizinga porini hawakuwa na hili tatizo kabisa, tatizo limekuja na stendi na mistari. Ila kikundi chenye mizinga ishirini kwenye eka moja, shule, wale wa miradi ya halmashauri, nunueni hii au angalau chukueni mizinga yenu nyeupe na mtafute rangi ya bluu na ya njano na brashi, mchore nyuso kubwa, mvunje mstari. Mkipaka pakeni wakati mizinga ni mitupu, rangi ya mafuta inanuka na kundi linaweza kuondoka, iache ikauke mpaka harufu iishe yote. Kama nyuki wameshaingia, msibadilishe nyuso zote siku moja, anzeni na mmoja, tena uso tu, waache wausome ndo mwende kwa mwingine.

Karakana yake iko Singida mjini, ukiuliza fundi wa mizinga ya rangi sokoni upande wa mbao watakuonyesha. Kwa mwaka huu oda zipelekwe mapema kabla miyombo haijaanza kuchanua, na ukifika mwambie unataka geti la kutelezesha, tukiwa wengi wa kusema atabadilisha.